Supahiro Akikutana na Vampaya

Supahiro na vampaya wakipambanishwa katika mawazo, watu wengi huanza kwa kuhesabu nguvu. Huyu ananyanyua gari, yule ana nguvu za wanaume ishirini. Huyu anapaa, yule anageuka popo. Huyu risasi hazimpenyi, yule zinampenya lakini hafi. Hesabu hiyo haifiki mbali, kwa kuwa wawili hawa hawapimwi kwa kipimo kimoja. Supahiro ni kiumbe wa uwezo, na anayemweleza hutaja yale anayoweza kufanya. Vampaya ni kiumbe wa masharti: sehemu kubwa ya sifa zake ni mambo asiyoweza, milango asiyoruhusiwa kuingia, saa asizothubutu kutembea, vitu asivyovumilia kuviona. Kabla ngumi ya kwanza haijarushwa, kuna jambo ambalo limekwisha kuamuliwa, nalo ni masharti ya nani yatakayotawala uwanja.

Masharti ya vampaya yana umri mrefu kuliko riwaya. Mwaka 1725, katika kijiji kimoja cha Serbia kilichokuwa chini ya utawala wa Austria, wanakijiji walilifukua kaburi la Petar Blagojević wakiamini kwamba hutoka usiku na kuwaua majirani. Walimchoma kigingi kifuani, wakauteketeza mwili, na ofisa wa serikali aliyeshuhudia akaandika taarifa. Mwaka 1732 madaktari wa jeshi la Austria waliandika taarifa nyingine, kuhusu vifo vilivyohusishwa na mtu aliyeitwa Arnold Paole, nayo ikasomwa sehemu nyingi za Ulaya. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa alipiga marufuku ufukuaji wa namna hiyo. Vampaya wa taarifa hizo hana joho wala ngome. Ni mwanakijiji tu, mwili umevimba, uso umeiva, anarudi kwa watu wa kwao. Ubwana aliupata baadaye, mwaka 1819, John Polidori alipochapisha hadithi ya vampaya wa tabaka la juu la Uingereza.

Aliyeyakusanya masharti na kuyapanga karibu kama katiba ni Bram Stoker, Mwairishi aliyekuwa meneja wa jumba la maigizo la Lyceum, London, katika riwaya yake *Dracula* ya mwaka 1897. Dracula haingii nyumba ambayo hajakaribishwa, ingawa akishakaribishwa mara moja huingia apendavyo. Havuki maji yanayokwenda ila yakiwa yamejaa au yametulia. Sharti alale katika udongo wa kwao, na ndiyo maana alisafiri kwenda Uingereza na masanduku 50 ya mchanga wa Transylvania. Hana kivuli, wala sura yake haionekani kwenye kioo. Kitunguu saumu, msalaba na hostia humrudisha nyuma. Jambo ambalo wengi hulikosea ni la jua: katika riwaya halimuui. Anaonekana akitembea mchana mjini London, barabara ya Piccadilly, akiwa amepungukiwa tu na uwezo wa kujigeuza. Kufa kwa mwanga wa alfajiri kulianza na filamu ya Kijerumani ya *Nosferatu*, iliyoongozwa na F. W. Murnau mwaka 1922. Tangu hapo sharti hilo limeota mizizi kiasi kwamba vampaya anayetembea juani huonekana kama amedanganya.

Riwaya ya Stoker haina supahiro hata mmoja. Wanaomshinda Dracula ni madaktari wawili, mwanasheria kijana, lodi mmoja, Mmarekani kutoka Texas, na Mina Harker, mwanamke aliyekuwa mwalimu msaidizi wa shule. Mina ndiye hatari kuliko wote. Anazipiga taipu shajara na barua za kila mmoja, anazipanga kwa tarehe, na ratiba za treni anazijua kwa moyo. Masanduku yanafuatiliwa kupitia stakabadhi za wasafirishaji, moja baada ya jingine, na kila linalopatikana linaharibiwa lisifae tena kulaliwa. Mwishowe Dracula anauawa kwa visu viwili, jua likizama, akiwa bado amelala sandukuni. Waliomuua walikuwa wamejifunza masharti yake hata wakayajua kuliko alivyodhani, na hakuna aliyehitaji kunyanyua gari.

Supahiro alitokea miaka 41 baadaye. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, Marekani, walimleta Superman katika toleo la kwanza la *Action Comics* mwaka 1938. Superman huyo wa awali alikuwa hapai. Aliruka umbali wa moja ya nane ya maili, yaani kama mita 200, na ngozi yake ilipenywa na kombora linalolipuka tu. Mwiko hakuwa nao hata mmoja, na hapo ndipo alipotofautiana na mashujaa wa kale. Pwani ya Afrika Mashariki inamjua vizuri shujaa wa aina ile ya kale: Fumo Liyongo, ambaye mishale na mikuki haikumfanya kitu, aliuawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, baada ya kumtolea siri. Siri ile ndiyo inayoibeba hadithi nzima. Watunzi wa Superman waliligundua tatizo lao hatua kwa hatua. Mwaka 1943 tamthilia ya redio ilimletea jiwe la kryptonite linalomdhoofisha, na mwaka 1949 jiwe hilo likaingia katika vitabu vya katuni. Baadaye akaongezewa udhaifu wa pili, ambao kwa pambano hili una uzito zaidi: mbele ya uchawi hana kinga kuliko mtu mwingine yeyote. Shujaa aliyezaliwa bila masharti akawa ameazima mawili, na la pili linamfungulia mlango mtu kama Dracula.

Hata hivyo si Superman aliyekutana na vampaya kwanza. Batman, aliyebuniwa na Bob Kane na Bill Finger, alitokea Mei 1939, na kabla ya mwaka kwisha, katika matoleo ya 31 na 32 ya *Detective Comics*, alikwisha kumkabili vampaya aitwaye Monk, mwenye kofia nyekundu inayofunika uso. Hadithi hiyo, iliyoandikwa na Gardner Fox, inamtoa Batman Amerika hadi Paris, kisha Hungaria, akimfuata mchumba wake aliyepumbazwa akili. Ushindi wake unashangaza kwa anayemjua Batman wa leo: anawakuta Monk na mwenzake wa kike, Dala, wamelala majenezani mchana, anawapiga wote wawili risasi za madini ya fedha, na hadithi inakwisha. Ngumi hazina kazi. Batman anashinda kama Mina Harker alivyoshinda, kwa kuijua saa ambayo adui hana nguvu.

Muda mfupi baadaye wahariri walimkataza Batman kuua na kubeba bunduki, na katazo hilo limekuwa nguzo ya tabia yake. Likaleta swali ambalo watunzi wamelitumia sana bila kulijibu sawasawa: je, kumuua aliyekwisha kufa ni kuua? Filamu ya katuni ya mwaka 2005, *The Batman vs. Dracula*, inaliruka swali kwa ujanja. Dracula anateketezwa kwa mtambo uliohifadhi nishati ya jua. Mwangaza ambao kwa vampaya ulikuwa mpaka uliowekwa na ulimwengu umegeuzwa kifaa cha maabara chenye swichi. Hii ndiyo njia ya kawaida ya supahiro: sharti la adui analichukua, analipima, analitengenezea mashine. Ni ushindi halali, ila kitu fulani cha kutisha hupotea hapo, kwa sababu vampaya anayeweza kuuawa kwa umeme wa sola ni mdudu mkubwa tu.

Kwa miaka 17 pambano lenyewe halikuwezekana katika vitabu vikubwa vya katuni vya Marekani. Mwaka 1954 wachapishaji, wakikimbia hasira za wazazi na wanasiasa, walijiwekea kanuni za maadili zilizowataja vampaya kwa jina na kuwapiga marufuku pamoja na wafu wanaotembea na watu wanaogeuka mbwa mwitu. Kanuni zililegezwa mwaka 1971, vampaya wakaruhusiwa mradi wafuate mapokeo ya fasihi iliyoheshimika kama *Dracula*. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Spider-Man akakutana na Morbius, kazi ya Roy Thomas na Gil Kane. Morbius ni mwanasayansi aliyejitibu ugonjwa wa damu kwa popo na umeme, akabaki na kiu ya damu. Hajafa, hana jeneza, msalaba haumtishi. Wanaomwita vampaya hawakosei sana, ila amevushwa mpaka na kuwekwa upande wa supahiro, anakopimwa kwa uwezo. Ndiyo maana mapambano yake na Spider-Man ni mieleka ya kawaida.

Pambano lililoelewa tofauti ya pande mbili lilichapishwa mwaka 1982, katika toleo la 159 la *Uncanny X-Men*, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Bill Sienkiewicz. Dracula anafika New York akimtaka Storm, mwanamke mwenye uwezo wa kuamuru mvua, upepo na radi. Storm, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ororo Munroe, ni mtoto wa Mmarekani na binti wa kifalme wa Kenya, na kabla ya kwenda Marekani aliabudiwa huko Kenya kama mungu wa mvua. (Kenya hiyo ni ya wachoraji. Jina la mama yake, N'Dare, lingemfanya Mkenya yeyote aulize ni la watu wa wapi.) Dracula anamng'ata shingoni, na wenzake wa kundi la X-Men wanajaribu kumzuia. Wolverine anayapanga makucha yake ya chuma mfano wa msalaba. Dracula hajali, kwa sababu Wolverine haamini. Kitty Pryde, msichana Myahudi, anainua msalaba, nao haufanyi kazi. Lakini Dracula anapomkaba koo, mkono wake unaungua: Kitty amevaa Nyota ya Daudi. Nightcrawler, Mkatoliki wa kweli, anaunda msalaba, na Dracula anarudi nyuma.

Kurasa hizo chache zimebeba fikra zaidi ya vitabu vingi vya mapambano. Kundi la watu wenye uwezo wa ajabu linagundua kwamba uwezo wao hauna kazi, na kwamba kinachohesabika ni kile ambacho kila mmoja anakiamini akiwa peke yake. Makucha yanayokata chuma yanashindwa na kidani cha shingoni. Zaidi ya hayo, masharti ya Stoker yamepanuliwa kwa haki. Dracula wa mwaka 1897 aliogopa alama za Wakristo. Huyu wa 1982 anaogopa imani yenyewe, ya dini yoyote. Storm naye haokolewi na radi zake. Anamkataa Dracula kwa utashi, naye anaondoka. Hakuuawa, wala hadithi haikuona haya kumwacha aende.

Hatari halisi ya vampaya ndiyo hiyo inayoonekana kwa Storm. Maadui wengine wa supahiro hutaka kumuua. Vampaya hutaka kumwongeza. Mwaka 2006 wanafizikia wawili, Costas Efthimiou na Sohang Gandhi, waliliweka jambo hili katika hesabu. Wakichukulia kwamba vampaya wa kwanza alitokea Januari 1600, dunia ikiwa na watu 536,870,911, na kwamba kila vampaya hunyonya mtu mmoja kwa mwezi na kumgeuza mwenzake, binadamu wangekwisha katika miaka miwili na nusu. Idadi huwa maradufu kila mwezi: 2, 4, 8, na kabla ya mwaka kufika mwisho ni maelfu. Kwa watu bilioni 8 wa leo, hesabu hiyohiyo ingehitaji miezi 33 tu. Wataalamu hao walitaka kuonyesha kwamba vampaya hawawezi kuwapo. Kwa pambano letu hesabu yao inaonyesha jingine: supahiro hubaki mmoja kila mwezi, na idadi ikishafika maelfu, hata akishinda mapigano kumi kwa usiku anaachwa nyuma. Isitoshe, atakapong'atwa yeye mwenyewe, uwezo wake wote unahamia upande wa pili.

Watunzi wawili wamelifuata wazo hilo hadi mwisho, wakafika mahali tofauti kabisa. Doug Moench, katika *Batman & Dracula: Red Rain* ya mwaka 1991, iliyochorwa na Kelley Jones, anamfanya Batman ashinde kwa kuwa vampaya. Dracula anakufa, mji wa Gotham unaokoka, na mwokozi wake anakunywa damu. Kwa Batman badiliko si kubwa sana. Tangu mwanzo ni tajiri anayeishi katika jumba kubwa, anatoka usiku kwa joho lenye mabawa ya popo, na anategemea hofu. Jeph Loeb, katika toleo la *Superman* la mwaka 2002, alimpeleka Superman Transylvania na kumwacha ang'atwe. Maelezo ya nguvu za Superman yalikuwa yamekwisha kuhusishwa na jua letu la manjano, ambalo mwili wake huhifadhi nishati yake. Dracula anainyonya damu hiyo na kuteketea kwa ndani. Amekunywa mchana. Kwa upande wa mantiki hakuna suluhisho zuri kuliko hilo, kwa sababu masharti ya pande zote mbili yanaheshimiwa: uchawi unampenya Superman kama inavyopaswa, na jua linamuua vampaya kama inavyopaswa.

Katikati ya Batman na Superman hao yuko Blade, mwindaji wa vampaya, aliyebuniwa na Marv Wolfman na Gene Colan mwaka 1973. Katika vitabu vya mwanzo ni mwanadamu asiyeweza kugeuzwa, kwa kuwa mama yake aling'atwa akiwa katika uchungu wa kumzaa. Filamu ya mwaka 1998, aliyoicheza Wesley Snipes, ilimfanya nusu vampaya anayetembea mchana, na pambano zima likahamia ndani ya mwili mmoja.

Afrika Mashariki ina mnyonya damu wake, ambaye hakuhitaji kuletwa kutoka Transylvania. Wakati wa ukoloni zilienea Kenya, Uganda na Tanganyika habari za mumiani, watu waliosemekana kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa au iuzwe. Nairobi na Kampala waliohofiwa hasa ni wazimamoto na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White alizichambua habari hizo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, akizisoma kama namna ya watu kuzungumzia kazi, tiba na mamlaka ya mkoloni. Mumiani hana hata sharti moja la Stoker. Haulizi kama amekaribishwa, kitunguu saumu anakila, na anaowanyonya hawageuki kuwa mumiani. Alicho nacho ni mwajiri, zamu na vifaa.

Supahiro wa miaka ya karibuni angemkamata mumiani kwa dakika moja, kisha asijue la kufanya, maana mkononi angekuwa na mtumishi tu huku anayeipokea damu akiwa ofisini. Superman wa mwaka 1938, ambaye anaishi wakati mmoja na habari hizo, angelielewa jambo hili vizuri zaidi. Katika matoleo yake ya kwanza adui zake ni mshawishi anayehonga seneta, tajiri anayeuza silaha kwa faida ya vita, na mwenye mgodi aliyepuuza usalama wa wachimbaji. Mwenye mgodi huyo anafungiwa chini ya ardhi hadi ajionee mwenyewe hali ya wafanyakazi wake. Hakuna vampaya katika kurasa hizo, lakini wanyonyaji wamejaa.

Liko sharti la mwisho, ambalo halimo ndani ya hadithi yoyote nalo huamua karibu kila pambano: ni mali ya nani. Siegel na Shuster waliiuza haki ya Superman kwa dola 130, na kampuni iliyoinunua ndiyo inayoamua ataingia wapi. Dracula alikosa ulinzi wa hakimiliki Marekani mapema, kwa sababu taratibu za usajili hazikutimizwa, na Uingereza ulinzi wake ulikwisha mwaka 1962, miaka 50 baada ya Stoker kufariki. Yule asiyeweza kuvuka kizingiti bila kukaribishwa anaingia leo katika kitabu cha yeyote, na yule anayevunja kuta kwa ngumi hawezi kutoka kwa mwenye mali bila ruhusa. Matokeo yake ni kwamba wanakutana nyumbani kwa supahiro, kwa gharama ya mchapishaji ambaye mwezi ujao atamhitaji akiwa mzima. Hata *Red Rain* iliwekwa nje ya mfululizo wa kawaida, ili Batman wa kawaida asiguswe.

Kwa sheria ya Marekani hali hiyo ina tarehe ya kubadilika. Ulinzi wa toleo la kwanza la *Action Comics* unakwisha mwishoni mwa mwaka 2033, na wa Batman mwaka mmoja baadaye. Alama za biashara zitabaki, na yaliyoongezwa baadaye yataendelea kulindwa kila moja kwa muda wake. Atakayekuwa huru Januari 2034 ni Superman wa 1938 peke yake: anaruka mita 200, hapai, kryptonite haijulikani, na hakuna ukurasa unaosema kwamba damu yake imehifadhi jua. Mwandishi atakayetaka Dracula amng'ate huyo hatakuwa na jibu la mwaka 2002 la kuegemea, wala mwenye mali wa kumwamulia nani abaki hai.